Ureno: Mtawala Aliyebaki Maskini

Wako wenzetu wengi ambao wakisikia jina la Ureno hukumbuka mambo mawili tu: Ngome ya Mombasa na vita vya Msumbiji. Hilo si ajabu. Wareno walifika pwani yetu kabla ya Mzungu mwingine yeyote kuitawala, nao walikuwa miongoni mwa wa mwisho kuondoka Afrika. Hata lugha yetu yabeba alama yao: twala mezani, twapandisha bendera, twafunga leso, na mhalifu twampeleka gerezani. Neno hilo gereza kwa asili ni kanisa, kwa kuwa Wareno walijenga kanisa lao ndani ya ngome, na ngome ikaja kuwa mahali pa kufungia watu. Lakini nchi yenyewe ya Ureno, na watu wake wafanyao kazi, hatuijui. Twapenda kuitazama leo, maana liko jambo moja katika historia yake ambalo twaona halisemwi vya kutosha. Tangu ilipoteka Ceuta mwaka 1415 hadi ilipoirudisha Macau kwa Wachina mwaka 1999, Ureno ilitawala wengine kwa muda mrefu kuliko taifa jingine lolote la Ulaya ya Magharibi. Juu ya hayo, wakulima na wafanyakazi wake walikuwa katika maskini wa mwisho wa upande huo wa Ulaya.

Kwanza nchi yenyewe. Ureno iko ukingoni kabisa mwa Ulaya, bahari ya Atlantiki ikiwa mbele yake na jirani mmoja tu mgongoni, Uhispania. Eneo lake, pamoja na visiwa vya Azores na Madeira vilivyo mbali baharini, ni kilometa za mraba 92,000 na kidogo. Tanzania yaweza kuzimeza Ureno kumi. Watu wake ni milioni kumi na nusu hivi. Mpaka wake na Uhispania uliwekwa kwa mkataba wa mwaka 1297 na haujasogea sana tangu hapo, jambo ambalo sisi tuliochorewa mipaka na wageni twalitazama kwa mshangao kidogo.

Mto Tejo, utokao Uhispania na kuingia baharini pale Lisbon, mji mkuu, waigawa nchi sehemu mbili, na mwenye kutaka kuielewa Ureno aanze na mgawanyiko huo. Kaskazini kuna milima na mvua, na mabonde ya mto Douro yaliyofunikwa na mizabibu. Bandari yake ni Porto, uliotoa jina la mvinyo maarufu. Ardhi ya huko imekatwakatwa kwa urithi hata kila jamaa ikabaki na kijishamba kisichotosha kuwalisha watoto wote. Kusini ni kinyume chake. Huko Alentejo ni tambarare, jua kali, na mashamba makubwa ambayo mengi yalikuwa mali ya makabaila waliokaa mjini. Waliolima hawakuwa na hata futi moja ya ardhi. Kwa miaka mingi kibarua wa Alentejo alisimama katika uwanja wa kijiji akingoja msimamizi aje kuchagua nani apate kazi na nani arudi nyumbani mikono mitupu. Ndiko uotako kwa wingi ule mwaloni ambao gome lake hutengenezewa vizibo vya chupa. Gome hilo hubanduliwa mara moja kila miaka tisa, na Ureno peke yake hutoa karibu nusu ya gome lote la namna hiyo duniani.

Ufalme wa Ureno ulikubaliwa na jirani yake mwaka 1143, na mwaka 1249 ukakamilisha kuiteka Algarve, pembe ya kusini, kutoka kwa Waislamu walioitawala kwa karne nyingi. Nchi ndogo, isiyo na njia ila bahari, ikageukia bahari. Mwaka 1498 Vasco da Gama alifika Malindi, akapewa huko mjuzi wa bahari wa kumwongoza hadi India. Malipo ya ukarimu wa pwani yalikuja upesi: mwaka 1505 merikebu za Francisco de Almeida ziliiteka Kilwa na kuichoma moto Mombasa. Ngome ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka 1593, ikatekwa na Waarabu wa Oman mwaka 1698 baada ya kuzingirwa kwa muda wa karibu miaka mitatu.

Hapo ndipo msomaji aulize: mali yote ile ilikwenda wapi? Maana mali ilikuwa nyingi. Kulikuwa na viungo vya India. Kulikuwa na biashara ya watumwa, ambayo meli za Ureno na Brazili ziliifanya zaidi ya meli za taifa lingine lolote, zikiwavusha Atlantiki mamilioni ya Waafrika. Kisha, katika karne ya 18, kulikuwa na dhahabu ya Brazili. Sehemu moja ilijenga makanisa na majumba ya wafalme, kama lile jumba kubwa la Mafra. Sehemu nyingine ilipita tu Lisbon kama maji yapitayo katika kapu. Kwa mkataba wa mwaka 1703, Uingereza ilikubali kupokea mvinyo wa Ureno kwa ushuru mdogo, na Ureno ikafungua milango yake kwa vitambaa vya Uingereza. Mwenye mizabibu alifurahi. Mfumaji wa Kireno alikosa kazi. Na kwa kuwa mvinyo haukutosha kulipia nguo, tofauti ililipwa kwa dhahabu iliyochimbwa na watumwa. Kwa njia hiyo jasho la Mwafrika aliye Brazili likasaidia kuvitajirisha viwanda vya Uingereza, naye Mreno wa kawaida hakuona hata chenji. Twataka ndugu zetu walikumbuke hilo kila wasikiapo kwamba kuuza mazao ghafi na kununua vitu vilivyokwisha tengenezwa ni mpango wa faida kwa pande zote.

Mengine twayapita upesi. Tetemeko la tarehe 1 Novemba 1755 liliibomoa Lisbon. Majeshi ya Napoleon yalipoingia mwaka 1807, mfalme na watu wake walipanda meli wakakimbilia Brazili, na mwaka 1822 Brazili yenyewe ikajitwalia uhuru. Ufalme uliangushwa tarehe 5 Oktoba 1910, ikaja jamhuri iliyobadili serikali zaidi ya mara arobaini katika miaka 16, mpaka wanajeshi walipoipindua tarehe 28 Mei 1926. Wanajeshi hao, wakiwa hawajui hesabu, walimwita mwalimu wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Coimbra awatunzie hazina. Jina lake António de Oliveira Salazar. Akawa Waziri wa Fedha mwaka 1928 na Waziri Mkuu mwaka 1932, wala hakuondoka hata maradhi yalipomwangusha mwaka 1968. Yasemekana kwamba hadi kufa kwake mwaka 1970 hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba cheo amekwisha pewa mtu mwingine.

Utawala wa Salazar uliitwa Estado Novo, yaani Dola Jipya. Vyama huru vya wafanyakazi vilipigwa marufuku mwaka 1933, vikawekwa mahali pake vyama vya kupangwa na serikali. Kugoma kukawa kosa la jinai. Polisi wa siri, ambao baadaye waliitwa PIDE, walikuwa na masikio katika kila kiwanda. Wapinzani walipelekwa katika kambi ya Tarrafal, visiwa vya Cape Verde, iliyofunguliwa mwaka 1936. Na huyo mtawala asiyetaka uchaguzi huru aliketi meza moja na mataifa yaliyojiita walinzi wa uhuru, kwani Ureno ilikuwa mwanzilishi wa NATO mwaka 1949 na hakuna aliyemhoji.

Wafanyakazi hawakunyamaza lakini. Tarehe 19 Mei 1954, katika kijiji cha Baleizão, mkoa wa Beja huko Alentejo, mwanamke mmoja kibarua wa mashamba, Catarina Eufémia, alikwenda na wenzake kumwambia mwenye shamba kwamba ujira wa mavuno hautoshi. Askari alimpiga risasi akafa. Alikuwa na umri wa miaka 26 na watoto wadogo. Miaka minane baadaye, Mei 1962, vibarua wa Alentejo waligoma kwa maelfu wakijua jela inawangoja, na wakaipata siku ya kazi ya saa nane, wakati ambapo tangu babu zao walikuwa wakifanya kazi toka jua kuchomoza hata kuchwa.

Na sasa tuje kwa uhusiano wa watu hao na sisi. Kuanzia mwaka 1938 wakulima wa kaskazini ya Msumbiji walilazimishwa kulima pamba, wakaiuza kwa bei iliyopangwa na makampuni yaliyopewa kibali, hata kama njaa iliwaingia kwa kukosa nafasi ya kulima chakula. Asiyelima alipelekwa chibalo, kazi ya shuruti. Pamba hiyo ilipakiwa melini ikaenda kwenye viwanda vya nguo vya kaskazini ya Ureno, ambako mfanyakazi alilipwa mshahara ambao mwenzake wa Ufaransa angeutupa. Mwenye kiwanda alipata pamba ya bei ya chini upande mmoja na kazi ya bei ya chini upande mwingine, na serikali ileile ilimlinda pande zote mbili kwa polisi wale wale. Mkulima wa Nampula na mfumaji wa Guimarães hawakupata kuonana, lakini kamba iliyowafunga ilikuwa moja.

Kamba hiyo ilianza kukatwa upande wa Afrika. Tarehe 16 Juni 1960 Wareno waliwafyatulia risasi wananchi waliokusanyika Mueda, na Wamakonde wengi wakavuka Ruvuma kuja kwetu. Vita ilianza Angola mwaka 1961, Guinea-Bissau mwaka 1963, na Msumbiji mwaka 1964. FRELIMO kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na wapiganaji wake wakapata mafunzo Kongwa na Nachingwea. Mji huu wa Dar es Salaam ndio uliompoteza Eduardo Mondlane, aliyeuawa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu tarehe 3 Februari 1969. Viongozi wa vyama vile vya ukombozi, na Amílcar Cabral wa Guinea-Bissau zaidi ya wote, walisema tena na tena kwamba adui wao ni utawala wa kikoloni, si wananchi wa Ureno. Wako waliodhani ni maneno ya kidiplomasia. Yaliyofuata yalionyesha kwamba walikuwa wakieleza tu hali ilivyo.

Maana vita ile ilikuwa ikiila Ureno yenyewe. Nchi ya watu wasiofika milioni tisa ilipeleka mamia ya maelfu ya vijana kupigana katika nchi tatu, mbali na kwao. Zaidi ya 8,000 hawakurudi hai. Fedha zilizokwenda kwenye bunduki hazikwenda shuleni: mwaka 1970 mtu mmoja kati ya kila wanne nchini Ureno alikuwa hajui kusoma wala kuandika. Kijana wa kaskazini aliyekuwa na kijishamba kisichomtosha, na barua ya jeshi ikimngoja, alifanya alilolifanya mtu yeyote mwenye akili. Alikimbia. Zaidi ya milioni moja waliondoka katika miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970, wengi wao kwenda Ufaransa, na wengi kwa njia za panya kupitia milima ya Uhispania. Walikuwa na desturi moja ya kuhuzunisha na ya werevu pia. Mwenye kusafiri aliichana picha yake vipande viwili, kimoja akawaachia jamaa zake, kingine akakichukua. Akifika salama alikituma nyumbani, vipande vikaunganishwa, ndipo jamaa wakamlipa aliyemvusha. Walipofika Paris waliishi katika vibanda vya mabati na mbao, matopeni, wakijenga majumba ya wengine. Sensa ya mwaka 1970 ilikuta watu wachache kuliko ile ya mwaka 1960. Himaya iliyodai kwamba yaenea kutoka Ulaya hadi Timor ilishindwa kuwaweka wakulima wake katika vijiji vyao!

Basi waliokuja kuuangusha utawala ule ndio wale wale uliowatuma kuulinda. Makapteni vijana waliorudi kutoka Guinea, Angola na Msumbiji waliona kwamba vita haiwezi kushindwa na kwamba wakubwa hawatakubali kuimaliza. Manung'uniko yao ya kwanza, mwaka 1973, yalikuwa juu ya kupandishwa vyeo, na hatuoni haja ya kulificha hilo; watu huanza na tumbo lao kisha wakaona mbali. Aliyepanga shughuli, Otelo Saraiva de Carvalho, alizaliwa Lourenço Marques, mji uitwao leo Maputo. Usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1974 walishika redio, viwanja na wizara, na kabla ya jua kuchwa Waziri Mkuu Marcelo Caetano, mrithi wa Salazar, alikuwa amejisalimisha. Wananchi waliojaa barabarani waliwatia askari maua mekundu katika midomo ya bunduki, na mapinduzi yakapata jina la maua hayo. Kwa Kireno ua hilo huitwa cravo, neno hilohilo walitumialo kwa karafuu. Wenzetu wa Unguja na Pemba watafurahi kulisikia.

Yaliyofuata yalikuja mbio. Sikukuu ya Wafanyakazi, tarehe 1 Mei 1974, ilijaza mitaa ya Lisbon, na mwezi huohuo kima cha chini cha mshahara kikawekwa kwa mara ya kwanza. Kwa mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba 1974 Ureno ilikubali kuikabidhi Msumbiji kwa FRELIMO, na bendera ya mkoloni ikashuka tarehe 25 Juni 1975. Vibarua wa Alentejo waliyatwaa mashamba makubwa, na mabenki yakataifishwa Machi 1975. Katika uchaguzi wa tarehe 25 Aprili 1975, wa kwanza ulio huru baada ya nusu karne, zaidi ya watu tisa kati ya kila kumi walioandikishwa walipiga kura. Mwezi Novemba wa mwaka ule mrengo wa kushoto katika jeshi ulishindwa, na baada ya hapo mashamba mengi yalirudi polepole kwa wenyewe wa zamani, na mabenki yakarudi kwa matajiri.

Katiba hata hivyo ilibaki, nayo ndiyo msingi wa serikali ya Ureno mpaka leo, ingawa imerekebishwa mara kadhaa. Ilipitishwa tarehe 2 Aprili 1976. Utangulizi wake bado wasema juu ya kufungua njia ya kuelekea jamii ya kijamaa, maneno ambayo serikali nyingi zimeyapita kama mtu apitaye mdai wake barabarani. Rais huchaguliwa na wananchi wote kwa miaka mitano, na hawezi kukaa zaidi ya vipindi viwili mfululizo; shughuli za kila siku ziko kwa Waziri Mkuu na Bunge la wajumbe 230. Azores na Madeira zina serikali zao za ndani. Lakini vifungu vipendezavyo kusomwa na mfanyakazi ni vingine: katiba yakataza kumfukuza mtu kazini bila ya sababu ya haki, yakubali haki ya kugoma, na yamkataza mwajiri kuufunga mlango wa kiwanda ili kuwashinda wafanyakazi kwa njaa. Si katiba nyingi za Ulaya ziandikazo hayo waziwazi.

Haki hizo zilijaribiwa. Ureno iliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1986, ikapata barabara, shule na hospitali, na ikapoteza baadaye viwanda vingi vya nguo viliposhindwa na nguo za Asia. Deni likakua. Mwaka 2011 serikali ilikopeshwa euro bilioni 78 na Umoja wa Ulaya na Shirika la Fedha la Kimataifa, kwa masharti ambayo sisi wa Afrika twayajua kwa moyo: punguza mishahara, uza mashirika, ongeza kodi. Hata sikukuu nne za taifa zilifutwa kwa muda, mojawapo ile ya kuzaliwa kwa jamhuri. Sehemu ya shirika la umeme iliuzwa kwa kampuni ya serikali ya China. Fedha za matajiri wa Angola zilinunua hisa katika mabenki ya Lisbon, na wako waliocheka kwamba koloni la zamani lamnunua mtawala; sisi hatukuona cha kuchekesha, kwa kuwa mali hiyo ilikuwa ya wananchi wa Angola na haikupita mikononi mwao. Serikali ilipowanyima watumishi wake malipo ya likizo na ya Krismasi, Mahakama ya Katiba ilisema mwaka 2012 kwamba haiwezekani kuwabebesha watu wa namna moja mzigo wa taifa zima. Hata hivyo vijana wengi waliondoka tena, kama baba zao, wengine wakienda kutafuta kazi Angola na Msumbiji.

Leo hali imetulia. Wageni waja kwa mamilioni kutazama Lisbon na fukwe za Algarve, kituo cha mwisho cha umeme wa makaa ya mawe kilifungwa mwaka 2021, na magari yaundwa Palmela. Kima cha chini mwaka 2025 kilikuwa euro 870 kwa mwezi, lakini mhudumu wa hoteli ya Lisbon hawezi tena kupanga chumba katika mji anaouhudumia. Na katika Alentejo ileile, wilaya ya Odemira, mkoa wa Beja, matunda laini yauzwayo madukani kaskazini ya Ulaya huchumwa na watu wa Nepal, India na Bangladesh. Mwaka 2021 maradhi ya korona yalipolazimisha milango yao kufunguliwa, taifa liliona jinsi wanavyolazwa wengi katika chumba kimoja. Wageni wakaao Ureno sasa ni takriban milioni moja na nusu. Chama kiitwacho Chega, kilichoundwa mwaka 2019 na kuwaelekezea wageni hao kidole, kilipata viti 60 katika uchaguzi wa Mei 2025, na katika mkoa wa Beja, alikozikwa Catarina Eufémia, ndicho kilichoongoza kwa kura. Wajukuu wa watu waliochana picha zao wapate kuvuka mpaka usiku waambiwa leo kwamba adui yao ni mtu aliyevuka mpaka.

Tarehe 11 Desemba 2025 vyama viwili vikuu vya wafanyakazi, CGTP na UGT, viligoma pamoja nchi nzima kupinga mabadiliko ya sheria za kazi yatakayorahisisha kumwondoa mtu kazini. Havikuwa vimegoma pamoja hivyo tangu mwaka 2013. Kama wachumaji wa Odemira watahesabiwa kuwa ni wenzao katika shauri hilo, au wataachwa nje ya mlango, ndilo tutakaloliangalia.